Usingizi wa Mwoka Mikate

Baada ya chakula cha mchana, ukumbi wa kusomea ulikuwa kama mashua iliyofunguliwa kamba ikaachwa iende zake. Jua liliingia kwa madirisha marefu ya upande wa barabara, likapenya mapazia yaliyofuliwa mpaka yakabaki utando, likatandika sakafuni mraba mweupe. Mraba huo ulisogea polepole, ukapanda miguu ya meza, ukapanda magoti ya wasomaji, ukafika kwenye kurasa. Ukishafika hapo, basi tena. Vichwa vilianza kuinama kimoja baada ya kingine. Gazeti la Mwalimu Mstaafu lilishuka taratibu mpaka likamfunika tumbo. Mwanafunzi wa uuguzi, aliyeapa kwamba leo lazima amalize sura ya figo, aliweka shavu juu ya figo zenyewe akauchapa usingizi. Feni ya darini ilizunguka bila haraka, haipozi kitu, inachezea tu pembe za karatasi, na kwa muda ukumbi mzima ukawa unavuta pumzi moja.

Hapo ndipo alipopita Shangazi.

Shangazi hakuwa mtu. Lilikuwa toroli la chuma la kurudishia vitabu rafuni, na gurudumu lake moja la nyuma halikuwa limeonja mafuta kwa miaka. Huo haukuwa uzembe, ulikuwa utaratibu wa kazi. Sheria moja ya maktaba ilisema mfanyakazi hamgusi msomaji, hamwiti kwa sauti, wala hagongi meza yake. Sheria nyingine, iliyobandikwa ukutani kwa herufi nyekundu, ilisema hairuhusiwi kulala ukumbini. Sasa utamwamshaje mtu usiyeruhusiwa kumgusa wala kumsemesha? Mkuu wa maktaba alikuwa amepata dawa: gurudumu liachwe lilie. Mpanga vitabu, pande la mtu lenye mwendo wa paka, alilisukuma toroli katikati ya meza, nalo likalalama kwa sauti nyembamba ya lawama, na watu wakaamka wenyewe, wakafuta midomo, wakageuza ukurasa ambao hawakuwa wameusoma. Jina walilitoa wasomaji. Kila mtu ana shangazi wa namna hiyo, ambaye akiingia nyumbani hakuna anayebaki amejinyoosha.

Mkuu mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye viatu vya mpira na sauti ambayo ilibidi uisogelee ndipo uisikie. Watoto waliosomea chumba cha chini walimpachika jina la Bibi Shii. Alilijua, na moyoni wala halikumchukiza. Maktaba haikuwa ya serikali wala ya mfanyabiashara. Ilikuwa ya chama cha watu wa kujitolea, chini ya mwenyekiti aliyekuwa mkunga kabla ya kustaafu, mama aliyeendesha vikao kama anazalisha: vuta pumzi, sukuma, haya tumemaliza, nani anachemsha chai.

Kitu alichokionea fahari Mkuu kuliko rafu zote kilikuwa meza moja pembeni mwa mlango, Meza ya Maulizo. Mtu yeyote, awe mwanachama au mpita njia, aliruhusiwa kuleta swali lolote. Ofisi gani inatoa hati ya kifo. Dawa hii inywewe kabla ya kula au baada. Mtaro ulioziba ni mzigo wa nani. Mbona kuku wangu wanakula mayai yao wenyewe. Meza ilikuwa na miiko yake. Hujibu kwa kichwa chako, unajibu kwa kile unachoweza kumwonyesha mwulizaji kwa kidole. Na kama hujui, humdanganyi wala humwambii aje kesho, unamwambia, "Sijui, lakini nitatafuta." Mkuu aliwafundisha wafanyakazi wapya maneno hayo kabla hata hajawaonyesha choo kilipo. Tena, aliongeza, kabla ya kukimbilia rafu, muulize mtu upya, maana anachouliza kwanza mara nyingi sicho anachotaka kujua. Anayeuliza habari za kuku huenda anatafuta namna ya kupatana na jirani.

Hayo yote aliyajua kama jina lake. Ila kwa baba yake mzazi yalimtoka kichwani.

Baba alikuwa mwoka mikate. Maisha yake yote ya kazi alitoka nyumbani watu wanapofunga milango, akarudi asubuhi na harufu ya unga nguoni, akala, akalala mchana kutwa. Nyumba nzima iliuzunguka usingizi huo. Mkuu na ndugu zake walijifunza kunong'ona kabla hawajajua kusema vizuri. Walijua ubao upi wa sakafu unalia na upi unatunza siri. Waligombana kwa ishara, na aliyepigwa alilia bila kutoa sauti, kisha akangojea jioni amshtaki mwenzake. "Shii, baba amelala," mama alikuwa akiwaambia, na maneno hayo Mkuu aliyasikia mara nyingi kuliko jina lake. Ndugu zake walipokua walikimbilia kazi za kelele, mmoja kunadi mali sokoni, mwingine kupasua mbao, utadhani wanalipa kisasi. Yeye peke yake aliupenda ule ukimya. Akautafutia kazi, akaipata maktabani.

Mama alifariki mwaka uliopita, na usingizi wa baba ukaondoka naye. Usiku mzee hakuwahi kuujua kama wakati wa kulala. Mwili wake ulishazoea kinyume na ulimwengu. Sasa na mchana nao ukamkataa. Alijinyoosha kitandani, akaikodolea dari, akaamka, akazunguka vyumba, akarudi, asipate hata lepe la usingizi. Mkuu, aliyehamia kwake baada ya maziko, alirudi jioni akamkuta ameketi pale pale alipomwacha asubuhi, macho mekundu, mikono inatetemeka juu ya magoti, mikono ile ile iliyokuwa ikirusha magunia ya unga begani. Daktari alimpima mzee, kisha akamvuta binti pembeni akamweleza bila kuzunguka. Moyo umechoka. Vidonge vya usingizi hawezi kumpa, vitauchosha zaidi. Lakini asipolala, hatafika mbali. "Mtafutieni namna," alisema, na akamwita mgonjwa mwingine.

Basi Mkuu akafanya anachokijua: akaleta ukimya. Aliisimamisha saa ya ukutani. Alitundika mapazia mazito. Alikwenda kwa jirani, mke wa fundi bomba, akamwomba kwa heshima zote apunguze redio mchana, na jirani akaizima kabisa kwa ajili ya msiba. Alitia mafuta bawaba za milango yote, akatandika zulia juu ya ule ubao unaolia. Cherehani ya mama ilikuwa katika chumba cha pili, mkabala na mlango wa chumba cha kulala. Aliifunika shuka akaisukuma pembeni, ili baba asiione akaumia. Alipomaliza, nyumba ilikuwa imetulia kama maji mtungini. Mkuu alisimama katikati akasikiliza, akaridhika, akajisemea kwamba hajapata kuona ukumbi wa kusomea uliotulia namna hii. Akaenda zake kazini, akamwacha baba humo.

Hali ikazidi kuwa mbaya.

Siku moja, ukumbi ulipoanza kuelea, Mkuu aliinua macho akamwona baba mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyepotea akaona haya kuuliza njia. Mzee alisema amechoka kukaa nyumbani, amekuja kumsalimu tu. Mkuu alimketisha kwenye kiti chenye mikono karibu na dirisha, akampa kitabu cha picha za madaraja, akarudi kumsaidia Dada wa Maulizo, msichana mchangamfu aliyekaa kwenye meza ile, kumtafutia mama mmoja anwani ya hospitali. Walipoipata, akageuka.

Baba alikuwa amelala. Hakuwa anasinzia. Alikuwa amezama katika usingizi wa pono, mdomo wazi, kitabu kimemlalia kifuani, na mikono, ile mikono, imetulia kabisa. Mkuu alikwenda nyuma ya rafu ya kamusi akalia kidogo, huku akichungulia kifua cha baba yake kinavyopanda na kushuka.

Kisha akaja Shangazi. Gurudumu likalia kutoka meza hadi meza. Mwalimu Mstaafu alishtuka akalikamata gazeti lake. Mwanafunzi wa uuguzi aliinua shavu lenye chapa ya ukurasa. Baba alijigeuza upande, akavuta pumzi ndefu ya raha, akazama zaidi.

Akawa anakuja kila mchana, na uso wake ukaanza kurudiwa na damu. Siku zile zilimpitia Mkuu kama njozi. Alikuwa akiidhinisha maombi ya vitabu vipya, akiwapangia zamu watu wa kujitolea, akijibu simu za watu waliotaka kujua maji yatarudi lini, na huku sikio moja limebaki kwenye kile kiti. Mraba wa jua ulipofika magotini pa baba, mara nyingine alijiona yuko chini ya meza ya chakula na mwanasesere wake wa kitambaa, anamnong'oneza, na kwa kitambo hakujua kama yeye ni mtoto anayengojea baba aamke au ni mtu mzima mwenye funguo za jengo kiunoni. Sauti za ukumbi zilimfikia kwa mbali: karatasi, kalamu, kikohozi, muhuri wa tarehe ukigonga. Alikuwa na furaha. Hakutaka kuichunguza.

Lakini wengine walikuwa na macho. Mwalimu Mstaafu, aliyekuwa akiamshwa na Shangazi mwaka hadi mwaka bila kunung'unika, alijongea Meza ya Maulizo akiwa amekunja gazeti lake vizuri.

"Nina swali," alimwambia Dada wa Maulizo. "Ile sheria ukutani ni ya wote, au ni ya wale wasio na binti hapa?"

Dada wa Maulizo alimtazama Mkuu. Hapakuwa na kitabu cha kumwonyesha kwa kidole. Mkuu alihisi masikio yanawaka, kwa sababu sheria ile aliiandika yeye, na kwa sheria hiyo hiyo aliwahi kumwamsha mama wa mapacha aliyekuja kuiba dakika chache za kupumzika. Na ubaya haukuja peke yake. Juma hilo hilo mwenyekiti alileta habari kwamba wafadhili wanamtuma mkaguzi. Wamesikia ukumbi umegeuka mahali pa kulala, na ikiwa ni kweli, hawaoni sababu ya kuendelea kuugharamia. Nafasi ile nzuri yenye madirisha ingefaa kukodishwa iwe ofisi.

Jioni Mkuu aliongea na baba. Alichagua maneno, akayalainisha, akayazungusha, lakini mwisho wake yalikuwa ni yale yale: Baba, ukija usilale, na kama huwezi kukaa macho, usije kwanza. Mzee hakubisha. Alisema sawa mama, kazi ni kazi, hata yeye hakuwahi kumruhusu mtu kulala karibu na tanuri. Kisha alichukua sahani yake, akaiosha taratibu bila kuigongesha popote, na hilo lilimuuma Mkuu kuliko kama angefoka.

Hakuja tena. Mkuu alirudi jioni akamkuta anatembea ameshika ukuta. Alijiambia ukaguzi ukishapita atatafuta njia. Alijiambia hivyo asubuhi na jioni, na kila alipomwona baba akitafuta mkono wa kiti kabla ya kuketi, maneno yale yalizidi kupungua nguvu. Alikuwa anaogopa, na aliyekuwa anamwogopea hakuwa ukumbi.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mpole, aliyevaa soksi zisizofanana na asiyeonekana kulijua hilo. Mwenyekiti alimpokea mlangoni akamtembeza. Aliuliza machache. Alipofika Meza ya Maulizo aliomba kiti, akakaa kusikiliza mzee mmoja akisaidiwa kujua jinsi ya kumsahihishia mtoto wa dada yake jina lililokosewa kwenye cheti, na alikaa pale muda mrefu kuliko alivyopangiwa. Kwa hiyo alipoingia ukumbini jua lilikuwa limeshafika kwenye kurasa.

Mpanga vitabu alikuwa ameagizwa ampitishe Shangazi mapema siku hiyo, na alimpitisha. Wasomaji wote waliamka wakaketi wima kama darasa linalosubiri mtihani. Wote isipokuwa mmoja. Kwenye kiti chenye mikono karibu na dirisha alikuwepo baba. Aliingia saa ngapi hakuna aliyemwona. Huenda alijichanganya na kundi la wanafunzi, kichwa chini, kwa sababu mwili ulikuwa umemwishia na hakujua pengine pa kuupeleka. Uso wake ulikuwa wa kijivu, shati limefungwa vifungo kombo. Alikuwa amelala, na gurudumu lilipompita tu, akaanza kukoroma.

Mwenyekiti alikohoa. Mpanga vitabu alimtazama Mkuu akisubiri amri. Ilitosha anyanyue kidole, na Shangazi angerudi kupita pale pale, mara mbili, mara tatu, mpaka mzee aamke. Mkaguzi alikuwa amesimama mbele ya kiti.

"Na huyu?" aliuliza.

Majibu yalikuwepo, yamejipanga. Msomaji anapumzisha macho. Mgeni, hajui taratibu. Mkuu aliyaona yote, akaona na kifua cha baba kinavyopanda na kushuka, polepole, bila kukwama.

"Ni baba yangu," alisema. "Amelala. Na sitamwamsha."

Alisema kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa ukumbi, na watu waligeuka, maana hawakujua kwamba anayo.

"Na sheria ile ukutani?"

"Niliiandika mimi."

Mkaguzi alimwinamia mzee kidogo, akamtazama kwa makini. Akauliza, si kwa ukali, bali kama mtu anayetaka kujua kweli: "Kwa nini anakuja kulala hapa? Nyumbani hana kitanda?"

Mkuu alifungua mdomo. Kitanda kipo. Godoro zuri lipo, mapazia yapo, ukimya upo wa kutosha nyumba tatu. "Sijui," alisema, na kwa kuwa ulimi ulishazoea njia, ukamalizia wenyewe: "Lakini nitatafuta."

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa, kama mwulizaji yeyote aliyeridhika kwamba swali lake limepokelewa, akaomba aonyeshwe vyoo.

Mkuu hakwenda kwenye rafu. Alivuta kiti akakaa kando ya baba yake, na kazi zote za mchana ule akaziacha zimsubiri. Muulize mtu upya. Kumbe yeye hakuwa amemuuliza hata mara ya kwanza. Alimpa baba jibu kabla ya swali, tena jibu alilolipenda mwenyewe, kosa ambalo mtu wa Meza ya Maulizo akilifanya siku ya kwanza anarudishwa kufunika vitabu majalada. Aliketi akamwangalia. Ukumbi ulielea naye, mraba wa jua ukapanda ukuta ukafifia, wasomaji wakaondoka mmoja mmoja wakitembea kwa ncha za vidole. Pumzi ya baba ilikuwa inakwenda na kurudi, na mara mbili Mkuu mwenyewe alijikuta katikati ya mang'amung'amu ya usingizi, ana miaka sita, anasubiri.

Mzee aliamka ukumbi ulipobaki mtupu. Aliona aliko, akaanza kutafuta kofia yake kwa haraka.

"Nisamehe mama, nimepitiwa. Sikukusudia."

Mkuu alimzuia kwa mkono. Alimwambia hana kosa, mkaguzi ameshaondoka, hakuna aliyekasirika. Kisha akamuuliza, kama alivyopaswa kumuuliza tangu mwanzo. "Baba, nyumbani hakuna hata inzi anayekusumbua. Hapa kuna watu, kuna feni, kuna lile toroli. Huku unalalaje?"

Mzee aliona haya. Aliigeuzageuza kofia. "Nilidhani unajua," alisema. "Huku kuna watu walio macho."

Mkuu alisogeza kiti chake karibu.

"Mimi sijawahi kulala kwenye nyumba tupu. Mama yako alikuwa anashona mchana. Nikiisikia cherehani inakwenda, najua yupo, nyumba ina mwenyewe, naachia. Ikisimama kwa muda naamka. Na ninyi mnanong'ona huko mkidhani sisikii. Nilikuwa nawasikia wote, ndiyo maana nikalala. Sasa umeninyamazishia nyumba nzima. Nikifumba macho naona wameondoka wote, nimebaki mimi."

Cherehani. Katika utoto wake wote Mkuu hakuwahi kujiuliza kwa nini kila kitu kilinyamazishwa isipokuwa cherehani. Mama aliwaambia shii, akaweka kidole mdomoni, kisha mguu ukarudi kwenye pedeli na sindano ikaendelea kutwanga, saa baada ya saa, mlango wa chumba cha kulala ukiwa wazi. Na yeye, aliyejenga maisha yake juu ya ule ukimya, ndiye aliyeifunika shuka. Aliishika mikono ya baba akalia waziwazi ukumbini, na sauti ikamtoka, na hakujali ilikwenda mpaka wapi.

Siku chache baadaye mwenyekiti alileta neno la mkaguzi. Ukumbi umepona. Mkaguzi alisema walalaji hakuwaona kama alivyoambiwa, aliona mmoja tu, na kuhusu huyo aliambiwa kwamba jibu bado linatafutwa. Malalamiko yake yalikuwa mengine: kwamba maktaba nzuri vile ina toroli lenye kelele isiyovumilika, na wafadhili watanunua jipya. Mwenyekiti alipomaliza kucheka, Mkuu alimwambia ana hoja ya kikao.

Hoja yenyewe ilikuwa ya kazi, na aliieleza kikazi. Vitabu vilivyochanika vilikuwa vinatengenezewa chini ya ngazi, kwenye unyevu, ambako gundi ilikataa kukauka na watu wa kujitolea walitoka na mafua. Nyumbani kwa baba yake, mtaa wa nyuma, kuna chumba kikavu chenye dirisha pana, na ndani yake kuna cherehani ya chuma inayoweza kushona vijitabu. Kazi yote ya kutengeneza vitabu ihamie huko, mchana, bila kodi. Akawaeleza na sababu yake nyingine, bila kuificha. Mwenyekiti aliwatazama wajumbe mmoja mmoja, akauliza kuna mwenye uchungu zaidi au wamemaliza. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa Mwalimu Mstaafu, aliyesema anataka kuusikiliza kwa karibu usingizi unaomshinda Shangazi. Ile karatasi ya herufi nyekundu Mkuu aliibandua kwa kucha zake.

Toroli jipya lilikuja, bubu kabisa, na Shangazi akastaafishwa. Mchana wa jua kali mpanga vitabu alimsukuma mtaani, amebeba vitabu vilivyovunjika migongo, analia njia nzima, na watu wakatoka madukani kuona nani anaonewa. Nyumbani walikuwa wamekusanyika. Mwalimu Mstaafu alikuwa na brashi na kopo la gundi. Jirani, mke wa fundi bomba, alikuja na redio yake kwapani na kusema cherehani aachiwe yeye, ameshona tangu usichana. Mkuu aliivua ile shuka, akaipangusa meza ya cherehani kwa kiganja, akairudisha mahali pake, mkabala na mlango. Baba aliwasalimia wote, akatazama sindano ikitiwa uzi, akasema anakwenda kunyoosha mgongo kidogo tu. Mlango wake aliuacha wazi.

Jirani alikanyaga pedeli. Sindano ikaanza kutwanga, kwanza kwa kusitasita, halafu ikapata mwendo. Brashi ikakwaruza, mkasi ukakata, Shangazi akaingia na shehena ya pili akilalama, na jua likatandika mraba wake sakafuni. Muda si muda wakasikia mkoromo kutoka chumbani.

Wote wakaacha mara moja. Jirani aliinua mguu. Mwalimu Mstaafu alibaki na brashi hewani. Mpanga vitabu alimkumbatia Shangazi asisogee, na kidole cha Mkuu kikapanda chenyewe mpaka mdomoni.

"Shii," alinong'ona. "Amelala."

Ukimya ukashuka, mzito, mzuri, ule ukimya alioupenda maisha yake yote. Mkoromo ukakatika. Kitanda kikalia.

"Mmekwenda wapi?" baba aliuliza kutoka chumbani.

Mkuu alishusha kidole.

"Tupo, Baba," alisema, kwa sauti ya kufika. "Tupo wote. Wewe lala."

Mguu wa jirani ukarudi kwenye pedeli. Mkuu alilikunja zulia akaliweka kando, ubao ukalia chini ya viatu vyake, na mpanga vitabu akampitisha Shangazi juu yake, mbele na nyuma. Kisha Mkuu alichukua kitabu kilichochanika, akaketi karibu na mlango, akaanza kugeuza kurasa moja moja, kwa kelele zaidi kuliko ilivyohitajika.